Nani maarufu alishabeba jina lako? Mwongozo kamili wa kutafuta watu wa jina adimu hapa Uganda

Ukiwa na jina ambalo sio kila mtu analo, lile swali unalijua. Unataja jina mlangoni kwa askari au kwa karani wa benki, anainua uso, "Eh, wewe na yule mkubwa ni ndugu?" Ukiitwa Nsibambi wanataka kujua kama Apolo Nsibambi aliyekuwa Waziri Mkuu 1999 mpaka 2011 ni mtu wa kwenu, ukiitwa Kiwanuka vijana wanakuuliza habari za Michael, yule mwimbaji wa London. Wengi tunacheka tunapita. Huu mwongozo ni wa yule anayetaka kukaa chini atafute kweli, ni nani na nani kwenye historia walibeba jina lake, na kama kuna kitu kinawaunganisha zaidi ya herufi.

Niseme mapema, miongozo mingi utakayokutana nayo kwenye intaneti imeandikwa na watu ambao kwao jina linatoka kwa baba linaenda kwa mtoto, vizazi kumi jina ni lile lile. Ukiifuata hapa Uganda utapotea asubuhi na mapema. Rais Museveni mdogo wake ni Salim Saleh ambaye jina lake la nyumbani ni Caleb Akandwanaho, na mtoto wake ni Muhoozi Kainerugaba. Milton Obote mtoto wake aliyeingia bungeni anaitwa Jimmy Akena. Nyumba moja kila mtu na jina lake. Na kinyume chake kipo vile vile, watu wanne wa jina moja ambao hata babu wa mbali hawashiriki. Kwa hiyo kukusanya majina ni rahisi, kazi yenyewe ni kuchambua nani ni wa nani.

Hatua ya 1: jua kwanza jina lako ni jina la aina gani

Hapa usipite haraka, ukikosea hapa kila kitu kinachofuata kinaharibika.

Kwa Baganda majina mengi ni mali ya ukoo, yaani kika. Mtoto akizaliwa anachaguliwa jina kutoka kwenye hazina ya majina ya ukoo wa baba yake, sio lazima jina la baba mwenyewe, ndio maana ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano na wote ni wa mwiko mmoja, yaani ile alama ya ukoo, mnyama au kitu ambacho ukoo wenu haukili. Jina la namna hii ni zuri sana kwa kazi yetu maana linakupeleka moja kwa moja kwenye ukoo fulani, na ukoo una viongozi, una ngazi zake, kuanzia Kasolya juu kabisa, unashuka Ssiga, Mutuba, Lunyiriri, mpaka unafika nyumbani kwenu.

Lakini kuna majina ambayo hayana ukoo. Majina ya mapacha ndio mfano wa kwanza, Wasswa na Kato wako kila ukoo, na anayewafuata mapacha ni Kizza. Kwa Waacholi na Walango anayezaliwa baada ya mapacha ni Okello kama ni mvulana na Akello kama ni msichana. Sasa angalia kinachotokea: tarehe 27 Julai 1985 serikali ya Obote ilipinduliwa na wanajeshi wawili wakubwa, Tito Okello na Bazilio Olara-Okello, na mpaka leo utakuta watu wanaandika kwamba walikuwa ndugu. Hawakuwa ndugu, ni jina tu. Na miaka 21 kabla ya hapo, Januari 1964, aliyejitangaza Field Marshal kule Zanzibar alikuwa John Okello, kijana wa Lango huku kwetu. Ukimchanganya na hao wawili umetengeneza ukoo ambao haujawahi kuwepo. Kama jina lako ni la aina hii, orodha unaweza kuiandika tu, ila usitegemee damu.

Watu wa Sebei kule Kapchorwa hali ni hiyo hiyo. Mbio za marathoni za Olimpiki ya London 2012 dhahabu alichukua Stephen Kiprotich wa Uganda kwa saa 2:08:01, na shaba akachukua Wilson Kipsang, ambaye jina lake kamili ni Wilson Kipsang Kiprotich, Mkenya. Kiprotich wawili kwenye jukwaa moja, nchi mbili! Ni jina la mazingira ya kuzaliwa, na upande huo wa mlima Elgon mpaka wa nchi haujawahi kuyazuia majina.

Alafu kuna majina ya lubaale, ile mizimu mikubwa ya Buganda. Mukasa ni lubaale wa ziwa, makao yake visiwa vya Ssese. Kiwanuka ni lubaale wa radi. Majina haya yanavuka koo, mtu yeyote angeweza kumpa mtoto, kwa hiyo Kiwanuka wawili ukiwakutanisha usishangae mmoja ni wa mwiko huu na mwingine wa mwiko ule.

Na la mwisho ni majina ya cheo, na hili ndio linawachosha wengi. Mkuu wa ukoo wa Nkima siku zote anaitwa Mugema, wa Ffumbe ni Walusimbi, wa Mmamba ni Gabunga, wa Ngeye ni Kasujja. Ukisoma kitabu cha historia ukakuta Mugema anamtawaza Kabaka, mfalme wa Buganda, karne hii na Mugema mwingine kwenye habari za karne iliyopita, huyo sio mtu mmoja aliyeishi miaka mia mbili, ni kiti kimoja wanakalia watu tofauti. Joswa Kate aliyekuwa Mugema mwanzoni mwa karne ya 20, yule aliyekataa madawa ya hospitali akawa nguzo ya dhehebu la Wamalaki, kwenye vitabu vingi utamkuta ameandikwa Mugema tu bila Joswa wala Kate. Kama jina lako ni la cheo basi kila unapolikuta andika mwaka pembeni hapo hapo.

Hujui jina lako ni la aina gani? Usibahatishe, nenda hatua ya 3 ukamuulize mzee alafu urudi.

Hatua ya 2: andika tahajia zote kabla ya kutafuta chochote

Luganda ilipata tahajia rasmi mwaka 1947. Kabla ya hapo kila mmisheni na kila karani aliandika anavyosikia, na hata baada ya hapo familia nyingi ziliendelea na tahajia ya babu. Ndio maana Katikkiro (waziri mkuu wa Buganda) wa zamani anaandikwa Apolo Kagwa lakini shahidi wa dini anaandikwa Andrea Kaggwa. Mutesa, Muteesa na Mtesa wote ni Kabaka yule yule, ile Mtesa ilitoka kwenye midomo ya wakalimani wa pwani waliokuja na wafanyabiashara na wasafiri, yaani ni Kiswahili chetu kilichomwandika hivyo kwenye vitabu vya Wazungu.

Kwa hiyo kwenye karatasi andika jina lako alafu lichezee: konsonanti moja au mbili (Sebugwawo, Ssebuggwawo), vokali fupi au ndefu, R na L zinabadilishana (Rubaga, Lubaga), mwanzo na S moja au mbili. Kwa majina ya Kiacholi kumbuka ile p' ya "mtoto wa": Okot p'Bitek, mshairi aliyefariki 1982, lakini binti yake ambaye naye ni mshairi anaandika Okot Bitek bila p. Ukitafuta tahajia moja tu unapoteza nusu ya watu na hautajua kama umewapoteza.

Hatua ya 3: anza na wazee, Google baadaye

Najua unataka kuanza na simu, kila mtu anataka. Lakini mzee mmoja anayejua mambo anakuokoa na makosa ambayo kwenye mtandao utayanakili bila kujua. Mtafute kiongozi wa ukoo wa ngazi ya chini kwanza, wa Mutuba au Ssiga, sio kukimbilia Kasolya. Ukifika usianze na jina lako. Salimia vizuri, kaa, peleka sukari au sabuni, alafu jitambulishe ule utambulisho wa Kiganda wanaouita okulanya: unataja jina lako, baba, babu, mwiko wako, Ssiga na Mutuba. Kama huwezi kulanya mwenyewe mwambie mzee ukweli kwamba hujui, atafurahi kukufundisha na hapo hapo umeshapata nusu ya ulichokuja kutafuta.

Maswali ya kuuliza: hili jina ni la ukoo wetu peke yetu au na wengine wanalo? Ni nani wa kwanza mnayemkumbuka kulibeba? Kuna mtu wetu alibadilisha jina, alipohamia mahali au alipobatizwa au alipokimbia vita? Hilo la mwisho muhimu sana, miaka ya Amin na miaka ya 1980 watu walihama, wengine wakachukua majina ya walikohamia.

Kuhusu lugha, Gulu, Arua au Bombo wazee wengi Kiswahili utaongea nao bila shida. Vijiji vya Buganda sikushauri, mzee wa makamo fulani akisikia Kiswahili anakumbuka askari wa barabarani na mazungumzo yanakuwa mafupi. Kama Luganda yako ni mbaya nenda na mpwa anayeijua.

Hatua ya 4: sasa ingia kwenye maandishi

Google, sawa. Weka jina ndani ya alama za kunukuu na uongeze neno moja la kulibana: "Kakungulu" Mbale, "Kakungulu" Kibuli. Ukitafuta Kakungulu peke yake utaletewa mpira kwanza, maana Kombe la Uganda watu wamelizoea kama Kombe la Kakungulu. Kiwanuka italeta muziki, ongeza alama ya kutoa mbele ya neno music na ukurasa utasafika. Wikipedia ina kurasa za majina, orodha ya watu wa jina fulani, ni mwanzo mzuri ila nyingi za majina yetu ni fupi sana na zimejaa wachezaji mpira wa miaka kumi iliyopita, waliokufa kabla ya 1950 karibu hawapo.

Kwa hao wa zamani lazima magazeti. Ebifa mu Buganda la Waprotestanti lilianza 1907, Munno la Wakatoliki 1911, Uganda Argus 1955, New Vision 1986. Makerere kuna sehemu ya Africana kwenye maktaba kuu, hapo utapata magazeti ya zamani na pia Uganda Journal ambayo ilianza kutoka 1934, na humo kuna makala za watu ambao hamna kwingine walikoandikwa. Uganda Gazette usiisahau, uteuzi wa serikali unatangazwa humo na mtu akibadilisha jina kisheria tangazo pia linatokea humo. Apolo Kagwa mwenyewe aliandika kuhusu koo za Buganda mapema karne iliyopita, ni kitabu kizuri ila soma ukijua alikuwa mwanasiasa na ana watu wake.

Vitabu vya ubatizo vya parokia navyo vina utajiri, ila kumbuka mipaka yake: wamisionari wa CMS (Waprotestanti) walifika 1877 na Mababa Weupe (Wakatoliki) 1879, kabla ya hapo hamna daftari, kuna kumbukumbu za ukoo tu. Na kuanzia Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, ambao uligawa ardhi ya mailo kwa machifu, majina yao yapo kwenye rekodi za ardhi. Karani atakusumbua kidogo, nenda na barua inayosema unatafuta nini.

Hatua ya 5: chambua, na hapa ndio penyewe

Kila jina ulilopata lipe alama moja kati ya tatu: damu (kuna ushahidi kwamba ni mtoto, mjukuu, ndugu), ukoo (mwiko mmoja lakini hamna anayejua wanakutana wapi), jina tu. Ukikosa ushahidi andika jina tu, usiweke "huenda ni ndugu", hiyo "huenda" mwaka ujao mtu ataikopi bila huenda.

Nikupe tatu nilizozipenda.

Kakungulu. Hili ni adimu kweli. Semei Kakungulu alitokea upande wa Koki, akawa jenerali, akaiteka mashariki kwa niaba ya Waingereza, akaanzisha Mbale, alafu alipogombana nao akaishika dini ya Kiyahudi na mwaka 1919 jamii ya Abayudaya ikazaliwa, akafa 1928. Badru Kakungulu, 1907 mpaka 1991, ni mwana wa Nuhu Mbogo ndugu yake Kabaka Muteesa I, na ndiye alikuwa nguzo ya Waislamu wa Uganda pale Kibuli. Mmoja baba wa Wayahudi wa Uganda, mwingine kiongozi wa Waislamu, mmoja mtu wa Koki mwingine wa ikulu. Jina tu! Kwangu mimi hii ndio jozi tamu kuliko zote Uganda na sijui kwa nini watu hawaizungumzii.

Nsibambi. Hapa kuna damu. Simeon Nsibambi alikuwa mmoja wa waanzilishi wa uamsho wa Balokole, yeye na daktari Mwingereza Joe Church walikutana mlima wa Namirembe 1929 na moto ukaenea Afrika Mashariki nzima. Apolo Nsibambi, Waziri Mkuu, ni mtoto wake. Baba mhubiri mtoto msomi na mwanasiasa, jina limerithiwa moja kwa moja kama la Kizungu, familia za wasomi wa kwanza wa Namirembe wengi walifanya hivyo. Lakini ukiishia hapo umemwacha Blasio Kigozi, mhubiri wa Gahini kule Rwanda aliyefariki 1936 akiwa kijana, ambaye ni ndugu yake Simeon wa damu. Kigozi! Hauwezi kumpata kwa kutafuta jina hata ukitafuta mwaka mzima. Ndio maana nasema kila mtu wa alama ya damu mtafutie na ndugu zake wenye majina mengine, wape safu yao pembeni.

Kiwanuka. Kampala unawakuta kila kona, lakini ukivuka bahari jina linageuka adimu na orodha inapendeza. Achilleus Kiwanuka aliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 na ni mmoja wa wale 22 waliotangazwa watakatifu 1964. Joseph Kiwanuka akawa askofu wa Masaka 1939, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kusini mwa Sahara kuwa askofu Mkatoliki. Benedicto Kiwanuka alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza kabla ya uhuru, akawa Jaji Mkuu, na Septemba 1972 askari wa Amin walimchukua mahakamani, hakurudi. Semakula Kiwanuka ni mwanahistoria. Michael Kiwanuka, mzaliwa wa London wa wazazi wa Kiganda, alishinda Mercury Prize 2020 kwa albamu aliyoiita kwa jina lake lile lile, Kiwanuka. Na Mathias Kiwanuka alicheza mpira wa Kimarekani na New York Giants waliochukua Super Bowl 2008 na 2012. Sasa kati ya hao wote uhusiano wa damu wenye ushahidi wazi ni mmoja: Mathias ni mjukuu wa Benedicto. Wengine waache jina tu mpaka mtu alete kitu. Alafu angalia mtego, miaka ya 1950 kulikuwa na Joseph Kiwanuka mwingine, mwanasiasa wa Uganda National Congress, na kuna maandishi yanamvisha siasa zake askofu wa watu banange.

Mtego kama huo upo kwa Kaggwa. Andrea Kaggwa aliyeuawa 26 Mei 1886 alitekwa akiwa mtoto kutoka Bunyoro akakulia kwa Kabaka, Apolo Kagwa ni Muganda aliyekuwa Katikkiro tangu 1889 mpaka 1926. Wote walikuwa ikulu ya Kabaka Mwanga wakati mmoja, wote Wakristo, jina moja. Ukisoma barua ya mmisionari ya mwaka 1886 inayosema "Kagwa" tu, angalia kwanza aliyeiandika ni Mkatoliki au Mprotestanti, Andrea alikuwa Mkatoliki na Apolo Mprotestanti, mara nyingi hiyo inatosha kumaliza ubishi.

Hatua ya 6: nani aingie kwenye orodha

Kipimo changu ni rahisi, awe ameandikwa na watu wawili wasiofahamiana, gazeti na kitabu, au Gazette na gazeti. Mchungaji wenu mwenye wafuasi elfu tatu Facebook bado. Walio hai weka wale tu wanaojulikana kwa kazi ya umma, na hapo andika kazi yao, sio wanakoishi, sio watoto wao. Watu wa kawaida wa familia waweke kwenye daftari la nyumbani.

Hatua ya 7: iandike

Mstari mmoja kwa mtu mmoja, kwa mpangilio wa miaka sio alfabeti, maana alfabeti kwa watu wa jina moja inapanga majina ya ubatizo tu, haikwambii kitu. Mfano:

Kakungulu, Semei. Amekufa 1928. Jenerali, mwanzilishi wa Mbale na wa Abayudaya. Asili: Koki. Alama: jina tu.

Kigozi, Blasio. Amekufa 1936. Mhubiri, Gahini. Ndugu wa Simeon Nsibambi. Alama: damu, jina tofauti.

Pembeni ya kila mstari andika umeitoa wapi na tarehe uliyoiona, hata kama ni mzee amekwambia, andika ni mzee wa Mutuba gani. Ukimaliza toa kopi ya karatasi umpelekee yule mzee wa hatua ya 3 kabla hujaiweka kwenye WhatsApp ya ukoo, manake ikishaingia kule watu watabishana usiku kucha kuhusu nani amesahauliwa, na nusu yao watakuwa na haki, kwa hiyo acha mistari mitupu chini na kalamu iwe karibu.